Sekunde Arobaini na Nane

Mzevinari yuko Bari, anamwogesha bibi wa watu.
Nargiza yuko Batumi, hotelini, zamu ya usiku.
Nimebaki Kutaisi na sauti moja ya juu
ya wimbo unaotaka watu watatu.

Basi nikanunua kisanduku kwa kijana wa ghorofa ya chini,
cha chuma, chekundu, kimechubuka pembeni,
kina makanyagio matatu, na kitabu cha maelezo
kilichonyofoka kurasa za mwanzo.
"Mama Tsiala, utakifanyia nini?"
Nikamwambia: kwaya.

Somo la kwanza nililipata kwa kukosea.
Niliimba sekunde nane, nikafunga kitanzi
(kitanzi hiki hakinyongi mtu),
nikapunguza mwendo nusu,
na sauti yangu ikashuka oktava nzima,
ikaingia sebuleni kama mwanamume aliyelala na viatu.
Nane zikawa kumi na sita.
Hapo nikaelewa: sauti na wakati
wamefungwa kamba moja kama mbuzi wawili.
Ukimshusha huyu bondeni, yule anavutwa.

Hata pumzi ilishuka. Ile pumzi ndogo
niivutayo kabla ya neno
ikawa ya ng'ombe zizini siku ya theluji.
Sikuifuta.
Besi lazima awe na mapafu.

Wiki ya pili nilipunguza kidogo tu,
theluthi ya mwendo nikaiacha mlangoni:
nane zikawa kumi na mbili,
sauti ikaketi nota tano chini yangu.
Sikiliza hesabu, nikamwambia paka.
Mimi nazunguka kila nane,
wa kati kila kumi na mbili,
mzito kila kumi na sita.
Tunaanza pamoja, tunaachana kwenye neno la pili,
tunapishana kama majirani kwenye ngazi,
huyu na ndoo, huyu na mkate,
na kila ikitimia sekunde ya arobaini na nane
tunafika mlangoni kwa mguu mmoja,
na vikombe vya kabatini vinaitikia.

Nimejaribu pia kurekodi kitanzi kikiwa nusu,
kisha kukirudishia mwendo wake:
nikawa mbayuwayu. Nilicheka hadi nikakohoa.
Nimejaribu kukigeuza nyuma mbele:
silabi zikaingia kinywani badala ya kutoka.

Lakini mashine ina ngazi, wimbo wetu una mteremko.
Ile nota ya tatu ya kina Nargiza
haimo kwenye kinanda chochote;
imejificha kati ya vidole viwili kama punje ya chumvi.
Upande wa kulia kuna kirungu kidogo
kinachokata nusu toni vipande mia.
Nilikizungusha mpaka tanuri la mkate likawashwa kule chini,
kipande kimoja, kingine, rudi,
mpaka meno yangu yakaacha kuwasha.

Jumapili nikampigia Mzevinari.
Nikaweka simu karibu na spika.
Alinyamaza mizunguko miwili mizima.
"Huyu mzito ni nani?"
"Mimi."
"Umenenepa," akasema.
Kisha nikasikia mlango wa jikoni ukifungwa, bibi asiamke,
na akaimba, sauti yake mwenyewe, ile ya kati,
imechoka, imeshuka vipande kama thelathini,
imechelewa kwa sababu ya bahari au mtandao.

Zamani ningemkatiza. Ningesema, panda, Mzevinari, panda!
Nilikanyaga la katikati, nikamzima yule wa bandia,
nikapiga magoti sakafuni penye kirungu
na kutushusha sisi,
mimi na yule mwenye viatu,
taratibu, mpaka tukamkuta alipo.

Na kwa kuwa tulishuka, wakati ukarefuka:
arobaini na nane ikawa karibu arobaini na tisa.
Ile sekunde ya ziada
ndiyo aliyoitumia kuvuta pumzi.